Ndoto Iliyonunuliwa Mezani

Mpishi wa shule ya tuisheni ya Mkurugenzi Bae aliweka upawa chini, akafuta mikono kwenye aproni, akatangaza kwamba mmoja wa waliokaa pale mezani ana mimba. Alilisema kama mtu anayesema leo chumvi imezidi. Watoto wa chekechea walikuwa wamekula na kulazwa ghorofa ya chini, na walimu watatu walikuwa wakimalizia kilichobaki: wali, kimchi, mwani, na supu ya samaki mkavu ambayo harufu yake ilikuwa imeganda jikoni tangu asubuhi.

Jina lake mpishi huyo ni Gong, lakini hakuna aliyelitumia. Walimu, dereva wa basi la watoto, hata wazazi walimwita Mama Mdogo, kama wapishi wengi wa Korea wanavyoitwa. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuamsha jengo zima, na hakuwa na desturi ya kusema jambo asilolijua.

"Nimeota alfajiri," alisema. "Nguruwe jike, mnene, mweupe kama figili iliyomenywa. Kapanda ngazi zetu hizi mwenyewe, taratibu, kila ghorofa anapumzika. Nikamfungulia aproni aingie, maana mkwe wangu naye anahangaika. Akanipita kama hanijui. Kaingia chumba cha walimu, kalala chini ya meza. Nimemvuta masikio mpaka nimechoka, hatoki."

Huku mjini Jecheon ndoto ya namna hiyo haina mjadala. Ni ndoto ya mimba, na si lazima aote mwenye mimba mwenyewe. Bibi yake anaweza kumwotea, au jirani, au muuza mboga. Kilichobaki ni kujua tu ni nani.

Mwalimu Cha, msichana ambaye hajaolewa, alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Alimwomba Mama Mdogo asije akamharibia kwa mama yake, maana yeye hana hata wa kumshika mkono. Wakacheka. Kisha macho yote yakamwendea Yun Seonhwa, mwalimu wa kusoma na kuandika, aliyekuwa anakaribia miaka arobaini, ameolewa siku nyingi, na ameshakwenda kliniki za uzazi za Seoul mpaka akiba ikaisha na mwili ukachoka. Kila mtu pale mezani alilijua hilo, na kila mtu alijifanya halijui.

Hakuna aliyemwangalia Bulelwa Mqikela, mwalimu wa Kiingereza kutoka Afrika Kusini, aliyekaa mwisho wa meza akipumua kwa mdomo. Si kwamba walimdharau. Walimpenda, walimwekea mwani mwingi kuliko wao. Ila halikuwapitia akilini hata kidogo. Ndoto za mimba ni za watu wa pale, kama yalivyo makaburi ya babu zao. Mgeni atazaa kwa utaratibu wa kwao.

Yun aliziba mdomo kwa kiganja, akacheka kidogo. "Basi niuzie, Mama Mdogo," alisema.

"Ndoto haihami bure, mwanangu. Lazima utoe chochote."

Yun akabandua kasha la simu yake, akatoa noti ya won elfu kumi aliyokuwa ameikunja humo kwa dharura. Mama Mdogo akaipokea kwa mikono miwili, akaitia kifuani. Akasema nguruwe si wake tena, amempa Yun, amlishe vizuri. Cha akapiga makofi. Bulelwa naye akapiga makofi, kwa sababu angefanya nini. Mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa nne.

Lwazi, mumewe, aliposimuliwa alicheka mpaka akaketi sakafuni. "Hata ndoto zinatuchongea, MaRhadebe," alisema. Alimwita mkewe kwa jina la ukoo anapotaka kumtania na anapotaka kumbembeleza, na siku hizo alifanya yote mawili kwa pamoja.

Lwazi alikuwa fundi umeme kule kwao Komani kabla kiwanda hakijafungwa. Hapa Jecheon kitambulisho chake kilisema yeye ni mtegemezi wa mkewe, na viza yake haikumruhusu kazi ya aina yoyote, hata kuosha vyombo mgahawani. Alifua, alipika, alishusha taka akiwa amezitenga plastiki mbali na karatasi kama inavyotakiwa, na kila aliposhuka alikutana na bibi wa ghorofa ya pili aliyemuuliza leo anakwenda kazini saa ngapi. Mwanzoni alieleza. Baadaye akawa anainua tu tenga la taka, bibi anatikisa kichwa kwa huruma, lifti inafika.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya shule. Vyumba viwili, sakafu yenye joto, dirisha linalotazama kiwanja cha magari. Viza ilishikwa na mkataba, nyumba ilishikwa na mkataba, bima ya hospitali nayo vilevile. Mkataba ukiisha mwishoni mwa Februari bila mwingine, wao wawili na kilichomo tumboni wangerudi Komani, kwenye chumba cha nyuma cha mama yake Bulelwa, ambaye naye alikuwa akiishi kwa pesa zinazotoka Jecheon. Kwa hiyo walikuwa wamekubaliana tangu mwanzo: kimya mpaka Mkurugenzi apige muhuri. Baada ya hapo tumbo litasema lenyewe. Hata hospitali hawakwenda ya mjini. Walipanda treni mpaka Wonju, mahali ambapo hakuna mama wa mwanafunzi atakayewaona kwenye foleni.

"Mwache dada wa watu afurahi," Lwazi alisema akimaliza kucheka. "Ndoto yenyewe ameinunua kwa pesa yake."

Kila jioni, kwa mujibu wa mkataba, Bulelwa aliwapigia simu wanafunzi wake nyumbani, mmoja baada ya mwingine, dakika chache za Kiingereza kila mtoto. Umekula nini, umecheza na nani, kesho hali ya hewa itakuwaje. Lwazi alizima feni ya jikoni na kutembea kwa vidole, maana kina mama waliweka simu kwenye spika na kusikia kila kitu, na kuna mmoja aliwahi kulalamika kwamba amesikia sufuria.

Wiki ile kina mama walianza kuichukua simu kutoka kwa watoto. Walitaka kujua kama ni kweli kuhusu Mwalimu Yun. Walifurahi kwa dhati, maskini, kisha wakauliza atajifungua lini, kisha sauti ikashuka wakauliza nani atalishika darasa lake. Bulelwa alijibu kwamba hajui. Kwa mama mmoja aliyemsukuma sana alijibu kwamba watoto ni baraka, na alipokata simu alijisikia kama amekula kitu cha mwenzake.

Yun mwenyewe hakusema ndiyo wala hapana. Ila aliacha kahawa. Alipanda ngazi akishika ukuta. Siku moja, wakiwa wanakata karatasi za rangi kwa ajili ya sikukuu ya mwaka mpya, alimnong'oneza Bulelwa kwamba amepitisha siku zake, si nyingi, lakini yeye huwa hapitishi. Bulelwa alimwambia asubiri kidogo kabla ya kumweleza mtu. Lilikuwa shauri jema, na lilimchoma aliyelitoa.

Huyu Yun ndiye aliyempokea Bulelwa stesheni miaka mitatu iliyopita, ndiye aliyemfungulia akaunti ya benki, aliyekaa naye kwa daktari wa meno akitafsiri maumivu, aliyempeleka Lwazi kwa daktari wa ngozi upele ulipomtoka baridi ya kwanza. Yun ndiye pia aliyekaa katikati kila Mkurugenzi alipotaka kusema jambo la maana, kwa sababu Mkurugenzi Bae, mwenye shule ya Kiingereza yenye bango refu kuliko la duka la samani la jirani, Kiingereza hakukijua. Kabla ya shule alikuwa akiuza vigae vya bafu.

Ijumaa Mkurugenzi alimwita Bulelwa peke yake. Hilo lilikuwa jambo geni. Alimkaribisha kiti, akamwambia amenawiri, Korea imempenda, kisha akaona Kikorea cha kawaida hakimtoshi kwa hili alilonalo. Akatoa simu, akaiambia kwa sauti ya chini, na simu ikaitafsiri kwa sauti ya mwanamke mchangamfu: "Mwalimu Yun anapata mtoto. Hongera. Mwezi wa tatu hatakuwepo."

Bulelwa aliuliza kama Mwalimu Yun ameambiwa. Mkurugenzi akapunga mkono, akaacha simu, akaendelea kwa maneno yake ya polepole, yale anayoongea na watoto wa chekechea. Hakuwa mtu katili, na ni haki tuseme hivyo. Wanafunzi walikuwa wanapungua, shule mbili za tuisheni zimefungwa mtaa huohuo, na alikuwa ameona mwenyewe mwalimu akiondoka katikati ya mwaka na watoto wanane wakimfuata. Kina mama hawasubiri, alisema. Mwalimu akiwa na mtoto mdogo, leo mtoto ana homa, kesho yuko hospitali. Mkataba wa Yun alikuwa ameuweka kwenye droo na hangeutoa. Angemwambia baada ya sikukuu, kwa adabu.

Kisha akamsogezea Bulelwa mkataba mwingine, wake. Mshahara umepanda. Bili ya gesi ya kupasha nyumba joto ingelipwa na shule, na mtu aliyewahi kupitisha Januari ya Jecheon anajua maana ya maneno hayo. Masharti yalikuwa madogo tu: achukue na saa za mchana za Mwalimu Yun.

"Wewe ninakutegemea," alisema Mkurugenzi. "Wewe huna mambo hayo."

Bulelwa aliomba asaini Jumatatu, akasingizia kwamba kwao mume husoma kwanza. Mkurugenzi alicheka, akasema hata kwake ni hivyohivyo, ila anayesoma ni mke.

Jumamosi nzima hawakugombana. Waligombana Jumapili, wakikunja nguo.

"Kwani wewe ndiye uliyeota?" Lwazi aliuliza. "Hukumdanganya mtu. Ulikaa kimya tu."

"Nilipiga makofi."

"Haya, ulipiga makofi. Mwenye shule anamwondoa mwalimu wake, wewe unahusikaje?"

"Anamwondoa kwa mimba yangu, Lwazi. Hii hapa. Na mimi ananipa gesi."

Lwazi aliweka chini shati alilokuwa analikunja. "Tukirudi tunarudi kwenye nini? Nikakae kibarazani na wenzangu, tunaangalia geti la kiwanda? Si kwamba simhurumii Yun. Upele wangu huo aliutafsiri mpaka mahali ambapo mtu hasemi. Lakini humo ndani yumo nani? Si mtoto wangu?"

Bulelwa akaliokota shati lile, akalikunja yeye. Alishika tumaini moja la kijinga, kwamba huenda Yun kweli ana mimba, kwa hiyo hakuna aliyeibiwa kitu. Alijua hata ingekuwa hivyo dhuluma ni dhuluma. Lakini lilimsaidia kulala.

Jumatatu baada ya chakula walimu walikwenda kupiga mswaki pamoja, kama kila siku, wamejipanga mbele ya kioo cha choo cha wanawake, kila mmoja na kikombe chake. Cha alimaliza, akawahi watoto. Yun aliendelea kusugua muda mrefu, mpaka povu likawa jekundu kidogo. Alitema, akafungua maji.

"Zimekuja," alisema. "Asubuhi."

"Pole, dada."

"Usinipe pole, nilijua. Mtu anajua." Aliangalia maji yakienda. "Unajua linalouma? Mama mkwe. Wiki mbili hizi alikuwa ananiita mwanangu. Ameleta asali, ameleta kunazi za Kikorea zile nyekundu zilizokaushwa, anauliza miguu yangu kama ina baridi. Miaka yote ile aliniita wewe. Wewe lete. Wewe njoo. Sasa nikimwambia, nitarudi kuwa wewe."

Kuna watu ambao wangengoja saa nyingine. Bulelwa aliona akingoja hata dakika moja atasaini.

"Dada, Mkurugenzi ameuficha mkataba wako," alisema. "Anadhani una mimba. Darasa lako amenipa mimi."

Yun alifunga maji. Alifikiri kidogo, akasema atamwambia hana. Ni aibu kumwambia mwanamume jambo kama hilo, lakini atamwambia.

"Kuna jingine. Mwenye mimba ni mimi. Mwezi wa nne."

Ghorofa ya chini mtoto alikuwa akilia. Yun aliukung'uta mswaki wake, akauvisha kifuniko, akauweka kwenye kikombe.

"Hospitali ulikwenda na nani?"

"Na Lwazi. Wonju."

"Kwa treni."

"Ndiyo."

"Meno tulikwenda wote. Ulipougua mapafu tulikwenda wote." Yun alizungumza bila kupandisha sauti. "Na siku ile ulikuwa umekaa palepale. Nilipotoa pesa."

"Nilikuwepo, dada."

Yun alitikisa kichwa taratibu kama anayesahihisha daftari na kukuta jibu ni lilelile alilolitarajia. Kisha akachukua kikombe chake akatoka, na Bulelwa akabaki anajitazama kwenye kioo. Angefurahi kama angetukanwa.

Hakungoja saa ya kusaini. Alipanda moja kwa moja kwa Mkurugenzi, akasimama, na kwa Kikorea chake cha sokoni akamwambia kwamba Mwalimu Yun hana mimba, ni uvumi wa jikoni. Aliyenayo ni yeye. Mkurugenzi alilitazama koti lake, akatazama tumbo, akatazama tena uso kama anayetafuta mzaha. Akaufunga mkataba uliokuwa wazi mezani.

"Mbona hukusema?"

"Ijumaa umenieleza mwenyewe, Mkurugenzi, kwa nini watu hawasemi."

Alisema atafikiri. Mkataba akauingiza droo ileile.

Lwazi alisikiliza yote mpaka mwisho. Alikwenda kushusha taka, akakaa huko muda mrefu kuliko taka zinavyohitaji. Aliporudi alisema amekasirika, lakini hajui amekasirikia nani, ila si yeye Bulelwa. Kesho yake alikwenda supamaketi kuokota maboksi matupu yanayoachwa mlangoni. Alipoyapandisha, bibi wa ghorofa ya pili alimuuliza kama wanahama. Lwazi alisema ndiyo, labda. Bibi akafurahi kwa niaba yake, akasema bila shaka amepata kazi.

Shuleni Yun alikula mapema na kuondoka. Mama Mdogo, aliyekuwa ameelewa yote bila kuambiwa, alijaribu kumrudishia noti yake, Yun akakataa katakata, akasema alinunua kwa hiari yake na hakulazimishwa. Mpishi akageukia kumlaumu Bulelwa, kisha akaona uso wake, akamwongezea wali. Bulelwa aliendelea kufundisha nyimbo za rangi na siku za wiki kwa sauti ya uchangamfu, kwa sababu watoto wa miaka mitano hawajui habari za droo. Jioni alipiga simu zake. Kila alipokata moja aliwaza kwamba huyu mtoto mwezi wa tatu ataulizwa na mtu mwingine amekula nini.

Alhamisi Bulelwa na Yun wakaitwa wote wawili. Mkurugenzi alikuwa ameweka vikombe vitatu vya chai ya shayiri. Alisema mambo ya karatasi lazima yasemwe kwa lugha ya mwenyewe, asije mtu akasema baadaye hakuelewa. Kwa hiyo yeye atasema Kikorea, Mwalimu Bulelwa atajibu Kiingereza, na Mwalimu Yun atatafsiri. Yun aliketi katikati, amenyoosha mgongo. Tangu Jumatatu hakuwa amesema na Bulelwa hata salamu.

Mkurugenzi alianza na sifa. Watoto wanampenda, kina mama wanamsifu kwa kuwa na subira. Yun akatafsiri. Kisha akashusha macho kwenye chai.

"Mwambie mwaka wa masomo ukishaanza, kina mama hawapendi mwalimu aondoke katikati," alisema. "Mwambie kwa sababu ya mimba siwezi kumpa mkataba mwingine. Wa kwake unaishia Februari. Nyumba aiache safi."

Siku zote Yun alikuwa na desturi ya kulainisha. Mkurugenzi akisema kazi hii mbaya, yeye alitafsiri kwamba Mkurugenzi anaona kuna nafasi ya kuboresha. Leo hakulainisha kitu. Aliyahamisha maneno yote kama yalivyo, mimba na Februari na nyumba safi, akamaliza, akatazama mbele.

Bulelwa alikuwa ameapa hatalia mbele ya muuza vigae. Akasema kwa Kiingereza kwamba ameelewa, na anashukuru kwa miaka yote mitatu. Hayo tu.

Yun alizungusha kikombe chake bila kunywa. Alipofungua mdomo, alitumia Kikorea cha heshima ya juu kabisa, kile cha kusemea na mama mkwe na maofisa.

"Mkurugenzi, Mwalimu Bulelwa anasema ameelewa," alisema. "Anasema umeitaja mimba kuwa ndiyo sababu, na anashukuru umeitaja mbele ya shahidi. Anasema ofisi ya kazi haiko mbali na stesheni, anaweza kwenda kwa miguu. Anasema likizo ya uzazi ni ya kila mwanamke aliyeajiriwa nchi hii, haikuandikwa kwamba mgeni hazai. Anasema pia kuna mwalimu mwingine ambaye mkataba wake umekaa kwenye droo kwa mimba ambayo hata hanayo, na huyo naye ana haki ya kuuliza." Alipumua. "Mwisho anasema kwamba kina mama anawapigia simu kila jioni, kama mkataba unavyomtaka. Wakimuuliza kwa nini anaondoka, hajazoea kudanganya."

Mkurugenzi Bae alimtazama Yun, akamtazama Bulelwa, akamtazama tena Yun.

"Amesema yote hayo?"

"Kiingereza ni lugha ya mkato, Mkurugenzi."

Mkurugenzi Kiingereza hakukijua, lakini alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara anajua pale anapobishiwa bei na mtu ambaye si mnunuzi. Akamgeukia Bulelwa na kumuuliza kwa Kikorea chepesi, neno moja moja, kwamba je, maneno haya ni ya kwake.

Bulelwa alikuwa ameelewa kila kitu. Alielewa ofisi ya kazi, alielewa shahidi, alielewa droo. Alielewa pia kwamba akisema hapana, au akinyamaza tu na kuangalia chini, Yun ndiye atakayebaki peke yake mbele ya meza ile na maneno yote yale mkononi. Alikuwa amekwisha kunyamaza mara moja kwenye meza nyingine, na alijua ladha yake.

"Ndiyo, Mkurugenzi," alisema kwa Kikorea. "Nimeyasema mimi."

Mkurugenzi alikunywa chai yake yote. Akauliza likizo ni miezi mitatu kweli, Yun akasema ndivyo sheria inavyosema, na safari hii haikujulikana anamtafsiria nani. Akauliza nani atashika darasa. Yun akasema atalishika yeye, wakigawana na Cha, na Mwalimu Bulelwa naye atalipa saa hizo atakaporudi. Mkurugenzi akaguna kwamba watu wamekwisha panga shule yake bila yeye. Kisha akafungua droo, akatoa mikataba yote miwili, akaupumulia muhuri wake kama wanavyofanya watu wa umri wake, akaugandamiza mara moja, na mara ya pili.

"Gesi walipe wenyewe," alisema.

Hakuna aliyebisha. Waliinama, wakatoka, wakafunga mlango bila kelele.

Kwenye ngazi Bulelwa alishika ukuta. Alitaka kumkumbatia Yun, akaishia kumshika mkono wa sweta. Akasema asante, dada. Akataka kusema na mengine, kwamba anajua alichomfanyia, kwamba alikuwa anaogopa. Yun alimwacha aseme, kisha akauondoa mkono wake polepole, bila hasira. Macho yake yalikuwa yamejaa na hakujitahidi kuyaficha.

"Sherehe ya mtoto kutimiza siku mia usinialike," alisema. "Nitakuja mwenyewe. Siku nitakayoweza kumbeba bila kulia, nitakuja."

Bulelwa aliitikia kwa kichwa tu. Watoto wa mchana walikuwa wameanza kupanda, na mabegi yao yakigonga kuta. Yun akajifuta uso kwa kiganja, akashuka kuwapokea.